Nzi wa Manjano wa Baba

Baba alipostaafu na kurudi nyumbani Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, hakuna kiti kilichomtosha. Angeketi, ainuke, aende kutazama vitunguu, afungue mfereji kabla zamu yetu ya maji haijafika, aufunge tena, kisha arudi kuuliza kama chai imeiva. Miaka ile ofisi za kaunti zilikuwa bado mpya na Isiolo ikijaa majengo; mimi nilikuwa nimeajiriwa katika idara ya maji. Kila jioni nikitoka kazini nilimkuta amesimama langoni kama mtu anayesubiri gari lililochelewa.

Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha katika karakana moja ya Nanyuki, akitengeneza nzi bandia wa kuvulia trauti, samaki wa mito ya baridi. Unachukua ndoana ndogo, unaizungushia uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu. Wake walikuwa wa manjano: tumbo la uzi wa hariri, shingoni unyoya laini wa kwale uliotiwa rangi, basi. Walimwigiza mdudu fulani wa mitoni anayetoka majini, akaruka kidogo, akafa. Nzi hao walisafirishwa ng'ambo. Baba hakuwahi kumwona hata mmoja akiingia majini.

Alirudi na kile kijiliwa chake cha chuma cha kubania ndoana, akakifunga kwenye meza ya jikoni, akaendelea kana kwamba hakuwahi kustaafu. Manyoya yakaanza kuonekana kwenye sukari. Mama yangu, Mturkana asiye na subira na mwanamume anayezungukazunguka jikoni, aliniambia tukichambua sukuma, "Mpeleke mtoni huyu baba yako. Akikaa hapa mwezi mwingine, mimi nahamia kwa dada yangu."

Nikamwuliza baba kama angependa kwenda kuvua. Alikuwa akimgeuzageuza nzi mmoja kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi vitu nimefunga tangu hujazaliwa," akasema. "Na sijui kama samaki anazila."

Jumamosi tukapanda hadi Timau, kisha juu zaidi, ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Huko alitungoja rafiki yake waliyefanya kazi pamoja karakanani, ambaye siku hizi huwaongoza wageni wanaokuja kuvua. Alikuwa ametutafutia kibali na kutuazima fimbo ya kuvulia. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

Mto ulikuwa mwembamba na wa baridi kali. Mimi ninayeshinda nikisikiliza malalamiko ya mabomba makavu, maji yale yaliyopita tu bila kungojwa na mtu yalinitia wasiwasi. Sikuweza kukaa. Baba naye alirusha uzi ukanasa mtini, akarusha tena ukanasa kwenye koti lake mwenyewe.

"Polepole, mzee," rafiki yake akamwambia.

Jua lilipotoka mawinguni, wadudu wakaanza kuinuka kutoka majini. Walikuwa wa manjano hafifu, mabawa yamesimama wima mgongoni. Samaki wakawa wanapanda kuwadaka, maji yakifanya viduara huku na huku. Nzi wa baba alipita katikati ya viduara hivyo na hakuna aliyemgusa.

Mdudu mmoja akatua kwenye mkono wa koti lake. Baba akaacha kuvua, akamtazama mpaka aliporuka.

"Ni mwembamba," akasema.

"Nani, baba?"

"Huyu. Sisi tulikuwa tunawanenepesha."

Akavuta uzi, akamshika nzi wake, akaanza kumnyonyoa kwa kucha mpaka zikabaki nyuzi chache tu za unyoya.

"Mzee, umemharibu huyo," rafiki yake akasema.

"Wacha nimharibu."

Akamrusha. Nzi alizama kidogo, akasafiri na maji, na mara uzi ukakaza. Baba aliingia mtoni na viatu vyake, nami nikamshika koti kwa nyuma, naogopa asianguke. Samaki alipofika kwenye mawe alikuwa na madoa meusi na mstari wa waridi ubavuni. Baba alichuchumaa, akapachungulia pembeni mwa mdomo pale ndoana iliposhika.

"Amekula," akasema kwa sauti ndogo, na macho yake yakajaa machozi.

Nilidhani sasa angetulia. Jioni nyumbani mama alimkaanga yule samaki akamsifu, lakini baba alionja kipande kimoja tu akainuka.

"Nzi wote wale walienda ng'ambo walikuwa wanene," akasema.

"Lakini watu waliendelea kuwanunua," nikamwambia. "Bila shaka samaki waliwala."

"Ama watu walinunua kwa sababu walikuwa wanapendeza macho."

Jumatatu nilikuwa ofisini, nikimsikiliza mkulima kutoka Rapsu akieleza habari za mfereji uliobomoka, simu ikaita. Ilikuwa ni baba.

"Jumamosi hii uko kazini?" akauliza.

Nikamwambia nitaangalia. Hakukata simu. Nilisikia hatua zake zikienda na kurudi uani, mpaka nikasema haya, tutaenda.