Mshumaa Mfupi wa Sabina

Sabina Tansey alikuwa jirani yangu, mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo laini, na wale wanaosema alikichezea kifo wananiudhi. Alichofanya alikifanya kwa uchungu wa mwana.

Mwaka ule binti yake wa pekee, Attracta, alikuwa na kifua kikuu. Daktari alimkataza kazi zote, hata kushika ufagio. Ikafika Krismasi ya Wanawake, tarehe sita Januari, siku ambayo huku kwetu Roscommon, Ireland, wanaume wetu huingia jikoni na sisi tunakaa kitako kunywa chai na keki ya zabibu. Malachy, mume wa Sabina, alijifunga aproni akaunguza viazi.

"Baba Attracta, hiki chakula au makaa?" Sabina akamchokoza.

"Kula, mama. Meno si unayo?"

Tulicheka mpaka Attracta akashikwa na kikohozi.

Jioni tukasimika mishumaa ya unyasi uliochovywa mafuta kwenye chekeche lililojaa shayiri, mmoja kwa kila mtu wa nyumba ile. Wazee wanasema ambaye mshumaa wake utazimika kwanza ndiye atakayetangulia kaburini. Sabina ndiye aliyeitengeneza, nami nilimwona akiukata wake kwa kisu na kulifukia shina lake juujuu, ufupi wake usijulikane. Alitaka kifo kikipiga hodi kimchukue yeye.

Mshumaa wake ukazimika wa kwanza. Akajikatia kipande kikubwa cha keki, uso umemkunjuka.

"Mama, ni wewe!" Attracta akalia.

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Kunywa chai yako."

Tangu siku hiyo msichana hakutulia. Alidamka kabla ya mama yake, akakamua ng'ombe, akabeba maji kwenye mvua ya Roscommon isiyo na huruma. "Usijichoshe, mama," alisema. Sabina akimrudisha kitandani, akigeuka tu, mtoto keshatoka.

"Mwambie ukweli, dada," nilimsihi. "Mwambie uliukata."

"Nikisema naharibu kila kitu. Kifo kitamrudia yeye."

Nilimkasirikia sana. Lakini na mimi nayaamini mambo hayo, basi nikanyamaza.

Kabla Februari haijaisha Attracta alianguka zizini, akatapika damu. Malachy alimbeba ndani. Kasisi akaja, akampaka mafuta, akaondoka. Ndipo Sabina akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mwanangu, sifi mimi. Mshumaa wangu niliukata kwa mkono wangu."

Attracta alimpapasa shavu.

"Unanidanganya ili nisilie, mama."

Sabina akaapa kwa Bikira Maria. Akaniita mimi nishuhudie, nikashuhudia. Msichana alitikisa kichwa tu, machozi yakimtiririka, akatuomba tumtunze mama yake siku zilizombakia. Alikata roho alfajiri, akimlilia mama yake aliye mzima.