Mama Aliyeifundisha Mashine Kusoma

Nilipomaliza kozi ya kompyuta, miaka ya elfu mbili na kitu, nilipata kazi Kitale katika ofisi iliyoandikisha wakulima wa mahindi. Fomu zilitoka maeneo ya Kwanza na Suam, na upande wa Bungoma, zimejazwa kwa mkono, nasi watu wanane tukaziingiza kwenye kompyuta. Miandiko ilinishinda. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Bungoma aliyekaa meza ya pili, ambaye alianza kuchapa kwa taipu nikiwa bado shule ya msingi.

"Hapa ameandika 'mborea'," aliniambia. "Ni mbolea. Kwetu ndivyo tunasema. Ukisoma, sikiliza pia."

Baadaye ikaletwa mashine ya kusoma miandiko. Ilikosea sana, hivyo mkubwa wetu akamwomba yule mama akae nayo, airekebishe kila inapokosea ili ijifunze. Alikaa nayo miezi mitatu, hata chakula cha mchana alikila palepale.

"Sasa inanielewa," aliniambia siku moja, na nikaona amefurahi kweli.

Mwezi uliofuata tuliitwa mmoja mmoja. Tukabaki wawili, na yeye hakuwemo. Mkubwa aliniambia waziwazi kwamba mshahara wa mama ulikuwa juu. Mimi ningekagua kazi ya mashine, kwa pesa pungufu kuliko za mwanzo. Nilikubali.

Mama alikusanya kikombe chake na sweta. Hakulia. Alinipa mkono kama mtu aliyekuja ofisini kuulizia fomu yake, na hilo likaniuma kuliko kama angenigombeza.

Mwaka mmoja baadaye nilimtembelea Bungoma. Alikuwa akiuza nyanya mbele ya nyumba yake. Alinipikia chai, akaulizia wenzetu, kisha akasema bila kuniangalia, "Si uniulizie kama wanataka mtu wa kuchapa? Hata siku mbili kwa wiki."

Nilijua hawataki. Sisi wawili wenyewe tulikuwa tumeshaambiwa mmoja anatosha.

"Nitauliza, mama," nikasema.

Alinisindikiza hadi stendi, akanitilia nyanya kwenye mfuko na kukataa pesa.

Alinipigia simu mara mbili baada ya hapo. Mara ya kwanza nilimwambia mkubwa amesafiri. Mara ya pili niliiangalia simu ikilia mpaka ikanyamaza.