Hema la Bi Kidawa

Niseme mapema kwamba nilikuwa mmoja wa waliocheka mradi wa utalii ulipoweka kambi ya wageni katika msitu wetu wa Bweni, pembeni mwa njia ya kwenda mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Mtu ana nyumba kwao, ana kitanda, ana chandarua, anasafiri kutwa nzima ili aje kulala chini karibu na siafu, na hakuna aliyemlazimisha. Hapa kwetu anayelala msituni ama amefukuzwa na mkewe ama anatafutwa na polisi. Lakini mahema yalifika, matatu, ya kijani, na Bi Kidawa binti Ussi akaajiriwa kuyatunza.

Kidawa ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ni mjane wa miaka hamsini na minne, mwenye nyumba ya vyumba vitatu, wajukuu sita, na mama mkwe aitwaye Bi Arafa, ambaye tangu nimjue hajawahi kuinuka kufuata kitu wakati Kidawa yupo wa kuitwa. "Kidawa, maji." "Kidawa, fimbo yangu iko wapi?" "Kidawa, hivi umeshalala?" Mimi huyasikia yote, na mara mbili tatu nimejikuta nikiitika.

Kazi yake kambini ilikuwa kufagia, kuchota maji, kuwafukuza kima, na kuhakikisha mgeni analala hemani. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Akifika mgeni, habari huwa imetangulia kijijini, na jirani mmoja hupeleka samaki nyumbani kwa Kidawa, mwingine nazi, mwingine mihogo, maana mgeni wa Kidawa ni mgeni wa Bweni. Chakula kikishafika nyumbani, mgeni naye hana budi kukifuata. Akishakula ataambiwa ajinyooshe kidogo, na kitanda cha Kidawa kina godoro zuri kuliko yote mtaani kwetu. Basi mgeni hulala huko mpaka asubuhi. Kidawa, kwa kuogopa kima wasije wakachana mali ya mradi, huenda kulala hemani yeye.

Siku moja bwana Godlove, msimamizi wa mradi, mtu wa Njombe anayekaa mjini Kilindoni, alikuja kukagua daftari la wageni. Alisoma sehemu ya maoni akiwa amesimama. Mgeni wa kwanza aliandika, "Kitanda kizuri sana." Wa pili, "Bibi wa nyumba ni mcheshi." Wa tatu alisifu chai ya tangawizi, halafu akaongeza kwamba hema hakuliona.

"Mama," Godlove alimwambia, "nakuheshimu, lakini kati ya wageni wanaofuata asipoamka hata mmoja hemani, kambi itafungwa na kazi yako itaishia hapo. Nitakuja mwenyewe asubuhi kuangalia."

Kidawa alirudi nyumbani ameiva kwa hasira. Aliniapia kwamba safari hii mgeni hatatoka msituni hata kama mvua itanyesha mawe. Nilimwamini. Nilishaona kwamba kila wageni wanapokuja, asubuhi yake hurudi uso umetulia na mwendo ni wa taratibu. Nikafikiri ni raha ya kuwa na ajira.

Wakaja Costantine na mkewe Happy, watumishi wa serikali kule Kilindoni, kwa mapumziko ya siku moja. Kidawa akawaonyesha hema, akawapa maji, akaketi kwenye gogo kuwalinda wasitoroke. Alivumilia mpaka alasiri. Ndipo Costantine alipojilaza chini kujaribu pahala, akashtuka, akajikuna mgongo.

"Mwanangu," Kidawa akauliza kwa upole, "kwani nyumbani mmegombana na nani?"

"Hatujagombana na mtu, mama. Tunapumzika tu."

Kidawa akamtazama Happy, ambaye tayari alikuwa na majani kichwani. Wakati huohuo mjukuu akaja kusema kwamba samaki aina ya changu wameshaletwa nyumbani, na Bi Arafa anauliza wageni ni watu gani hao wasiokuja kula. Kidawa alisimama, akajifunga kanga vizuri, akachukua mkoba wa Happy. Niliwaona wakipita mlangoni kwangu, Kidawa mbele, anajisemea mwenyewe maneno makali.

Godlove alifika saa moja asubuhi kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakuta hema limefungwa zipu, ndala ziko nje. Alifurahi, akapiga picha. Kwa kuwa sheria za kambi zilikataza kumwamsha mgeni, aliketi kwenye gogo akasubiri. Kima wakamchukulia maandazi aliyokuja nayo. Nami nilikuwa nimemfuata kutoka njiani, na kwa umbea wangu nikaketi naye.

Saa tatu zipu ikafunguka. Akatoka Bi Kidawa, kanga kichwani, macho yamevimba kwa usingizi. Alikuwa ameamka kuswali alfajiri, kisha akarudi kulala, jambo ambalo nyumbani kwake halijawahi kutokea.

"Shikamoo, mama," Godlove alisema, akiinuka kwenye gogo.

"Marahaba, mwanangu."

"Wageni wako wapi?"

"Nyumbani, wanakunywa chai. Bi Arafa anawapigia hadithi."

Godlove akafungua daftari, akalifunga. "Kwa hiyo tangu kambi hii ianze, hakuna mgeni aliyelala humu."

"Nimelala mimi."

"Wewe si mgeni, mama. Wewe ni mwenyeji."

Kidawa akaketi kwenye mlango wa hema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwanangu, nimeolewa nina miaka kumi na minane. Tangu siku hiyo sijalala usiku mmoja bila kuitwa. Humu nimelala mara nne, na hakuna aliyetaja jina langu. Mwenyeji hapati usingizi kama huo."

Niliona haya. Miaka yote hiyo nimeusikiliza ukuta ule nikicheka.

Godlove alitoa kalamu mfukoni. Kisha akafungua tena daftari, akaandika taratibu, akisoma kwa sauti: jina, Kidawa binti Ussi, anakotoka, Bweni, siku alizolala, nne.

"Maoni ya mgeni?" akauliza.

Kidawa alifikiri. Alipiga mwayo mmoja mrefu, wa raha.

"Andika kila kitu kizuri," akasema. "Ila chai mpaka saa hizi haijaletwa."

Nikainuka kwenda kuifuata.