Kumsindikiza Mkwe hadi Kijitoni

Dada yangu Mwanvua si mvivu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kasongo ndilo la kwanza utakaloambiwa juu yake, na nimechoka kulisikia.

Alipata homa mwaka ule ndui ilipopita mjini. Homa ikaondoka, nguvu hazikurudi. Hakuvimba, hakukonda, hakukohoa. Anakula wali wake kama mimi. Lakini akitwanga mpunga leo, kesho hawezi kuinua mkono ajifunge nguo. Mwalimu alimwandikia kombe la aya za Kurani, akalinywa siku saba. Mganga wa Kizimba alimchanja chale mgongoni. Kombe lilikwisha, chale zikapona, uchovu ukabaki palepale. Mwishowe mumewe Alimasi akamchongea fimbo, na mimi nikamtafutia kigoda chepesi. Akienda sokoni huegemea fimbo hatua thelathini, hukaa kigodani, huvuta pumzi, huinuka tena. Hivyo ndivyo alivyorudi kuwa mtu wa kutoka nje.

Na watu nao! Wazee wa barazani walinuna: fimbo ni ya mwanamume, tena muungwana, mwanamke na fimbo wapi na wapi? Wanawake walikuwa wabaya zaidi, maana kuna siku Mwanvua huamka na nguvu akatoka mikono mitupu. Wakimwona hivyo husema, "Leo fimbo iko wapi? Ugonjwa imekwenda sokoni?" Kisha wanacheka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mwaka jana ikaja posa ya binti yake, Nuru. Mchumba, Amuri, ni kijana wa Kabambare, wiki nzima kwa miguu kutoka kwetu. Mama yake, Mama Hawa, alikuja mwenyewe na msafara wa pembe za ndovu kuitazama nyumba atakamooa mwanawe. Kila mtu anajua anachotazama mama wa namna hiyo. Hamtazami binti, humtazama mama wa binti, kwa kuwa ugonjwa wa mama, wanasema, hushuka kwa mtoto. Nuru alimpenda Amuri. Aliingia chumbani kwa mama yake akapiga magoti.

"Mama, ufiche fimbo. Siku tatu tu."

Mwanvua alinitazama mimi. Nilipaswa kusema hapana. Badala yake nikaichukua fimbo na kigoda, nikavificha darini nyuma ya vikapu vya mbegu.

Siku tatu dada alikaa mkekani akisuka ukili, nasi tukatumika mbele na nyuma. Mama Hawa hakuona kitu. Shida ilikuja siku ya nne, alipoaga. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Husindikizwa hadi kijitoni, na mwenye nyumba asiyefika huko amemtukana mgeni wake. Kijito ni mwendo wa kutafuna muwa mzima ukaisha. Nilimnong'oneza dada kwa jina ninalomwita tangu utotoni, "Yaya, niende mimi."

"Mukwe ni wangu," akasema.

Akaenda. Mikono mitupu, kichwa juu, anacheka, anasimulia. Nilitembea nyuma yake nikihesabu hatua, nikimkasirikia Nuru, nikimkasirikia Mama Hawa na miguu yake mizima, nikijikasirikia mwenyewe. Kijitoni Mama Hawa akamshika mikono yote miwili. "Mama iko muzima namna hii, mutoto atakosa nini? Tutaonana Kabambare, kwa harusi."

Mama Hawa alipopotea ng'ambo, dada yangu alikaa chini kwenye matope. Tulimrudisha kwa kitanda, wanaume wanne, njia nzima watu wakidhani ni maiti.

Harusi ilipangwa Kabambare baada ya mwezi, kwa sababu baba yake Amuri ni mzee na hawezi safari. Huyo hakuna aliyemwuliza kwa nini hawezi. Mwezi ukaisha, Mwanvua hajaweza hata kuketi. Tulifikiria machela, lakini kutikiswa juu ya mabega ya watu wiki nzima kungemmaliza, na ingekuwa ni kumpelekea Mama Hawa siri yetu hadi mlangoni. Basi Nuru alikwenda na baba yake na mimi.

Mama Hawa alitupokea huku akitazama nyuma yetu.

"Mama ya Nuru iko wapi?"

"Anaumwa, mukwe."

"Anaumwa? Mutu alinisindikiza mpaka ku mutoni, anacheka! Miguu ile iliweza kuniondosha mimi, haiwezi kuleta mutoto wake?"

Wanawake wote wa nyumba ile walinigeukia. Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu. Nikiutoa, basi tuliwaficha ugonjwa, na posa iliyopatikana kwa hila huvunjika. Nikiumeza, dada yangu amewadharau. Nuru alinitazama kutoka ndani ya ushungi wake kwa macho yaleyale aliyomtazamia mama yake alipopiga magoti. Sikumpenda saa ile, na sioni haya kulisema.

"Nikuambie kweli, mukwe," nikasema. "Yaya yangu iko na maringo. Alisema Kabambare ni mbali, na nyumba zenu ni ndogo."

Walikunja nyuso, wakaguna, lakini harusi ilipita. Mama mwenye maringo ni wa kusengenywa tu, havunji ndoa ya mtu.

Niliporudi nilimkuta Mwanvua amelala ubavu, uso ukutani. Nilimweleza yote bila kupunguza neno. Nilitaka anitukane. Badala yake akasema, "Ulifanya vizuri, mudogo wangu. Maringo haishuki kwa mutoto."

Sasa amepata nguvu kidogo, na kwa fimbo na kigoda chake anafika tena sokoni. Lakini misafara ya Kabambare hupita hapa kila mwezi, na kila msafara una mtu wa kumpelekea Mama Hawa habari ya fimbo. Zikilia bunduki za msafara unaoingia mjini, dada yangu hugeuka popote alipofika, akarudi ndani na kufunga mlango, akakaa humo mpaka waondoke. Juzi walikaa siku kumi. Nao watu wa Kabambare hupita mlangoni pake bila kubisha hodi, kwa kuwa ni nyumba ya mwanamke mwenye maringo. Salamu za Nuru kwa mama yake huziacha kwangu.