Jibu Ambalo Sitaliandika

Leo nimekataa kuandika neno moja, na huenda nimetunyima safari.

Mgeni aliyetualika kuigiza kwao Ulaya mchezo ninaoutafsiri alikuja kutazama mazoezi yetu hapa mtaani Oli.

Kuna onyesho la kizuizi cha barabarani. Mwanajeshi amempigisha mama magoti, anauliza umati, "Nani anamjua huyu?"

Tukiigiza mjini Koboko, watazamaji hujibu "Sisi!" kabla hajamaliza.

Mgeni akasema watu wake hukaa kimya ukumbini. Katika tafsiri, niongeze mwigizaji wa kuwajibia "Sisi!"

Nikasita. Pengine anasema kweli.

Mama Poni, ambaye ndiye hupigishwa magoti, akasema, "Wao iko kimya? Basi mimi nangoja."

Tukaigiza, mgeni akiwa mtazamaji pekee. Swali likaulizwa kwa lugha yake.

Kimya.

Hakuna aliyemsaidia mgeni. Mama Poni alimtazama tu, magoti sakafuni.

Hatimaye mgeni akasema kwa sauti ndogo, "Mimi."

"Simama, basi," akaamuru mwanajeshi.

Mgeni akasimama.

Safari bado hajaithibitisha. Tena mtu mmoja si ukumbi mzima, najua. Huenda kule Mama Poni akabaki amepiga magoti hadi taa zizimwe.

Hata hivyo, jibu lao sitawaandikia.

Ninyi mngenyamaza hadi lini?