Kuuza Nyumba Bila Kumuuza Mama

Teresina alikuwa mdarizi wa mashuka, yale ambayo Juba nzima huyaita milaya, na aliyetaka kujua tabia yake ilimtosha kuligeuza shuka na kutazama upande wa nyuma. Wadarizi wengi huku nyuma huacha nyuzi zikining'inia, maana nani atatazama. Yeye hakuacha hata mmoja. Hakupenda kitu kisichofungwa vizuri. Kwa hiyo mwaka ule wa vita, baada ya mapigano ya Julai kuufagia mtaa wa Munuki hadi nyumba moja ikawa na watu na mbili zina paka, majirani walishangaa kumsikia akisema anauza nyumba na hajui aanzie wapi.

Sababu ya kuuza ilikuwa mtoto mchanga. Binti yake wa pekee, Goretti, alikuwa amekimbilia Uganda na tumbo lake, akajifungulia kambini Bidibidi, na mtoto akapewa jina la mama mzazi wa Teresina, yaani Santina. Teresina hakuwa amemshika. Alikuwa amemsikia kwenye simu tu, kilio chembamba ambacho mtandao ulikikata kila kilipoanza kunoga. Alimtamani yule mtoto mpaka mikono ikawa inamuuma. Aliwaambia watu hivyo hivyo, mikono inaniuma, nao wakamshauri anunue dawa ya kuchua.

Angeweza kufunga mlango kwa kufuli akaondoka, kama wengi walivyofanya. Lakini nyumba iliyoachwa tupu Juba siku zile haikuwa ikikaa tupu. Aliingia mtu mwenye bunduki, akaleta godoro, na mtu wa namna hiyo huendi kumwonyesha hati ya kiwanja. Teresina aliona afadhali nyumba iende kwa mtu anayemjua jina, naye aende kwa mjukuu akiwa na cha kuanzia maisha.

Kilichomshika miguu ni mama yake. Sisemi kumbukumbu za mama yake. Nasema mama mwenyewe, aliyelala chini ya saruji uani, kando ya jiko. Mama Santina alifariki Adjumani, huko Uganda, wakati wa ukimbizi, akazikwa katika ardhi ya watu wengine, na kabla ya kukata roho alimshika Teresina kidole akamwomba asimwache huko. Amani ilipokuja, Teresina na ndugu zake walimfukua, kama familia nyingi zilivyofanya. Wakaisafisha mifupa, wakaifunga kwa milaya mpya yenye maua ya njano, wakaiweka katika sanduku dogo la mbao. Teresina alilipakata sanduku hilo njia nzima kutoka mpakani Nimule. Lori lilipopumzika Nesitu na abiria wote wakashuka kula, yeye alibaki juu, akimsimulia mama kila alichokiona: hapa wanauza mkaa, hapa wamejenga kanisa, tumekaribia. Akamzika upya uani pake, maana kwao mfu wa nyumbani hulala nyumbani. Tangu hapo alikuwa akidarizi jioni karibu na lile kaburi huku akimpa mama habari za mtaa, nyingine za uongo.

Sasa sikia kosa alilofanya. Mnunuzi alijitokeza, mzee mmoja anayeitwa Lokosang, mwenye lori na duka la vipuri Nesitu, aliyetaka kumhamishia mke wake mjini. Siku alipokuja kutazama nyumba, Teresina alitandaza bamia juu ya kaburi, eti zinaanikwa. Lokosang akaona saruji, akaona bamia, akazisifu bamia. Akakisifu na choo. Mwisho akasema ananunua, na ili kupunguza usumbufu, wakili wake wa Thongpiny, Bwana Albino, atawashughulikia wote wawili, muuzaji na mnunuzi.

Teresina alikwenda Thongpiny amevaa gauni la kanisani. Ofisi ya Albino ilikuwa na baridi ya mashine mpaka akajuta kutobeba shali. Sitaki kumsingizia yule bwana, kazi yake aliijua. Alikuwa ameshughulikia majengo ya mashirika karibu yote ya upande ule wa uwanja wa ndege, na alimweleza Teresina kwa upole mambo ya hati, mashahidi, ofisi ya ardhi na muhuri. Teresina akamsikiliza, kisha akauliza kwa kuzunguka mbali: je, tuseme katika kiwanja fulani, si hiki, pana kaburi?

"Kaburi lisiloandikwa kwenye hati halipo, mama," Albino alisema. "Mnunuzi akishaingia, katapila linasawazisha asubuhi moja. Watu wanafanya."

Aliyasema kwa wema, kama mtu anayemtoa mwenzake hofu. Teresina alimaliza maji aliyopewa, akashukuru, akarudi Munuki kwa miguu. Hakupanda chochote. Alikuwa akiliona lile katapila mbele yake barabara nzima.

Jirani yake alimwambia jambo ambalo Teresina alipaswa kulijua mwenyewe, kwamba wakili wa mnunuzi ni wa mnunuzi, hata akikukaribisha maji ya chupa. Akamtuma kwa Ezbon, mwenye chumba kimoja karibu na mahakama ya Kator. Huyu Ezbon alikuwa mtu wa makamo aliyesomea sheria Kenya, akarudi na Kiswahili cha huko na magoti mabovu. Alikuwa mzito wa kazi, mlalamishi, na mpenda karanga kupita kiasi; maganda yalijaa hadi kwenye droo. Tena alikuwa na desturi moja iliyowachosha wateja: haandiki mauziano ya kiwanja chochote mpaka akakiketie. Si kukitazama, kukiketia. Kwa maelezo yake, ukikaa uani kwa mtu hapa Juba na karatasi mkononi, saa mbili tatu, kila mwenye dai juu ya uwanja ule atakuja mwenyewe kukusalimu.

Teresina alimchagua kwa sababu hiyo hiyo iliyowakimbiza wengine. Aliona huyu naye ni mtu wa kutazama upande wa nyuma. Lakini neno la kaburi hakumwambia. Thongpiny ilikuwa imemfundisha kunyamaza.

Basi Ezbon akaja Munuki asubuhi, na karanga zake katika mfuko wa karatasi. Teresina aliingia ndani kumtafutia kiti cha heshima. Alipotoka nje, akamkuta wakili amezisogeza bamia pembeni, ameketi juu ya saruji, miguu ameinyoosha, maganda yanadondoka.

"Ustaz, simama," Teresina alisema. "Hapo iko mama yangu."

Ezbon akatazama huku na huku akitafuta huyo mama.

"Iko chini yako."

Alisimama kwa shida, magoti yakilia. Akavua kofia. Kisha akainama tena na kuanza kuokota maganda ya karanga, moja moja, mpaka saruji ikawa safi, na hapo ndipo hasira ilipompanda. Akamuuliza hili jambo alitaka kumwambia lini, baada ya kuuza? Teresina akamweleza yote, Adjumani, sanduku, ahadi, Thongpiny, katapila. Akamwambia pia kwamba Lokosang akijua ataondoka, na mnunuzi mwingine wakati huu wa risasi atatoka wapi? Mtoto anakua kule. Mikono inamuuma.

"Mama Goretti, mimi nauza ploti. Siuzi mtu," Ezbon alisema. "Tutaandika huyu mama kwa mkataba, na Lokosang asikie kabla aweke sahihi, mbele ya majirani. Ukikataa, rudi Thongpiny."

Teresina alimwambia basi atarudi Thongpiny. Ezbon akavaa kofia yake akaenda zake.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Sindano ilimchoma vidole, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu usichana. Akizitazama bamia anaona aibu, akitazama simu anaona uchungu. Mwishowe akampigia Goretti, na nitasema ukweli, alipiga akitaka kuruhusiwa. Alitaka binti yake amwambie kwamba bibi ameshapumzika, haoni wala hasikii, mama njoo. Mtoto alikuwa akilia karibu na simu. Goretti alimbembeleza kwanza.

"Mama, mimi najua wewe," alisema. "Utashika mtoto na mikono, lakini macho iko Munuki. Maliza vizuri kwanza."

Teresina alilia jioni hiyo kwa sauti, bila kuona haya, na aliwalilia Santina wote wawili kwa pamoja. Kesho yake alikwenda Kator. Ezbon alipomsikia amekubali, akachukua kalamu. Alimsogezea karanga.

Siku ya mauziano uani palijaa. Alikuwepo sultani wa mtaa, yaani yule mzee anayekubalika na serikali kuwasemea watu, walikuwepo majirani wa pande zote waliobaki, na Lokosang, aliyekubali Ezbon aandike, alikuja na mke wake, Rebecca, mwanamke mnene mkimya aliyekaa kwenye mkeka akijipepea. Ezbon aliisoma mipaka. Halafu, bila kubadilisha sauti, akasema kwamba kando ya jiko amelala Santina, mama wa muuzaji, na kwamba muuzaji anauza kila kitu kilichomo isipokuwa mahali pale alipolala, na kizazi chake kitakuwa na haki ya kuja kumwona.

Lokosang aliigeukia saruji. Siku hiyo haikuwa na bamia. Nadhani kilichomuudhi zaidi ni kwamba alizisifu. Akauliza kama anaonekana mjinga, akasema Gudele viko viwanja tele visivyo na mtu chini, akasimama akatafuta viatu vyake. Majirani wakatazama chini. Teresina hakumbembeleza. Alimwambia kwamba wakili hana kosa, kwamba aliyeficha ni yeye, kwa mkono wake, kwa sababu ya hamu ya mjukuu, na kwamba anaomba radhi mbele ya watu wote hawa. Mikono ilikuwa ikimuuma tangu mabegani.

Rebecca aliinuka mkekani. Alikwenda mpaka kando ya jiko, akasimama mbele ya kaburi kitambo, akarudi.

"Nesitu tunalala karibu na bunduki kila siku," alimwambia mumewe. "Mimi naogopa wenye kutembea. Huyu mama iko nalala. Mwache nalala."

Lokosang alikaa tena, kiatu kimoja mguuni. Bei ilivutwa chini, ikavutwa juu, sultani akaingilia, na wakapatana. Ezbon aliandika kwamba mahali pale pasichimbwe wala pasijengwe, na kwamba Teresina na watoto wa watoto wake wafunguliwe lango wakija. Alipoipeleka karatasi hiyo ofisi ya ardhi, karani alicheka. Ezbon akavuta kiti, akaketi mbele yake na mfuko wa karanga, akakaa hapo mpaka kicheko kikaisha na muhuri ukapigwa.

Teresina alikabidhi funguo akahamia kwa jirani kusubiri usafiri. Magari ya Nimule siku hizo yaliondoka kwa msafara wa wanajeshi, na siku ilipotangazwa alifunga mashuka yake, akajifunga khanga, akaenda kumuaga mama. Barabara ilikuwa bado na umande. Njiani alikuwa akipanga atakayomwambia: kwamba anakwenda kule kule walikomtoa, kwamba safari hii atampakata nani, kwamba asikasirike. Alimtamani Santina mdogo, na kila hatua kuelekea kwa mkubwa ilimfanya amtamani huyu naye, ingawa alikuwa bado hajamwacha.

Lile lango alikuwa amelifungua miaka kumi kwa kulisukuma na nyonga, kwa sababu mikono ilijaa nguo siku zote. Akalisukuma kwa nyonga. Halikufunguka. Lilikuwa na komeo jipya kwa ndani. Akasukuma tena, kama mtu asiyesadiki, kisha akasimama. Mkobani alikuwa na ile karatasi yenye muhuri, akaigusa, akaona haina la kumsaidia hapo. Kuta alizipaka chokaa yeye. Moshi uliokuwa ukipanda ulitoka jikoni mwake, na aliyewasha moto alikuwa mtu mwingine.

"Hodi," alisema. Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo mahali pale.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Rebecca, mbali, jikoni.

Teresina alifungua kinywa kusema mwenye nyumba, na neno halikutoka, kwa kuwa halikuwa kweli tena. Alitafuta mwingine wa kuwa.

"Mtoto wa Santina," alisema.

Akasikia ndala zikija haraka uani, na komeo likivutwa.