Kichwa cha Seth Ollerenshaw

Seth Ollerenshaw alikuwa beki wa kati wa klabu ya Calderbeck, na kichwa chake ndicho kilichomtoa mgodini. Baba yake alifia huko chini, akafukiwa na makaa. Seth alipoonekana akipiga mipira ya kona kwa paji la uso kwenye kiwanja cha wachimbaji, klabu ikamsainisha, na tangu siku hiyo akawa mali yao. Kuhama bila ridhaa yao hakuweza. Wao kumtupa waliweza wakati wowote. Na bado wakathubutu kuuita mchezo wa waungwana!

Msimu ule wa mvua, macho yake yalianza kuzima. Mpira wa ngozi ukilowa huwa mzito kama tofali, na kamba zinazoufunga huchana uso. Kila alipoupiga, giza lilimshukia, kisha likaondoka. Kila wiki lilizidi kuchelewa kuondoka.

Aliyejua ni Wilf Entwistle tu, winga wa kulia. Kabla ya kona, Wilf aliuweka mpira taratibu, akageuza kamba upande wa pili zisimguse Seth. Mawinga wenye utu walivilinda hivyo vichwa vya wenzao.

"Mwambie Jabez," Wilf alimsihi wakifunga viatu. Jabez ndiye mkufunzi aliyewakanda misuli.

"Nikimwambia leo, Jumatatu niko shimoni."

"Shimoni angalau utakuwa unaona."

"Kuna nini cha kuona shimoni, we bwege?"

Wakacheka, ila kicheko cha Wilf kilikatika njiani.

Mvua ikamwagika. Kona ya kwanza Wilf aliipiga fupi. Ya pili akaipeleka nje makusudi. Jukwaani watu wakaanza kuwazomea.

"Wilf! Viatu hivyo umeazima kwa mama mkwe?"

"Na wewe Seth, umekuja mpirani au mazishini?"

Seth akatupa jicho kwa wakurugenzi wa klabu. Kofia mbili zilikuwa zimeinamiana, zikinong'ona. Akamfuata Wilf mbio.

"Unanimaliza, ndugu yangu. Nipe mpira."

"Nikikupa ndiyo nakumaliza."

"Nipe, nimesema!"

Mechi ikielekea ukingoni, ikapatikana kona. Wilf akaugeuza mpira, akaugeuza tena. Akapiga. Seth akaruka juu ya wote.

Goli!

Uwanja ukalipuka. Seth akanyoosha mikono, akatabasamu, akakimbia moja kwa moja kuelekea mlingoti wa goli. Wilf akamdaka kiunoni, akamshika mkono, akamrudisha katikati. Watu wakadhani ni furaha, wakazidi kushangilia.

Bafuni, wachezaji wakiwa pamoja ndani ya beseni kubwa la maji ya moto, giza lilikuwa bado halijaondoka machoni pa Seth. Mkurugenzi mmoja akaingia na sigara yake nene.

"Kichwa cha dhahabu hicho! Jumamosi tena, siyo?"

Wilf akafungua mdomo. Chini ya maji Seth akamfinya mkono, akaugeuza uso kule harufu ya moshi ilikotokea.

"Ndiyo, bwana," akasema.